KONA YA CHAKULA NA MFUKO: Tusiuze Mahindi Yote kwa Siku Moja

Mwezi huu tunaongea juu ya mahindi yetu na watu wanaoyanunua.

Tuseme ukweli: posho si ya kutegemea tena. Mwaka 2023 WFP iligawa wakimbizi wa hapa Uganda katika mafungu kufuatana na shida ya kila nyumba. Mwaka 2025, kwa kukosa fedha, karibu watu milioni moja waliondolewa kwenye msaada. Basi chakula cha familia nyingi sasa kinapitia kwa wafanyabiashara: mwenye duka, mwenye mashine ya kusaga, mama wa sokoni, mnunuzi wa lori.

Hawa si maadui. Bila wao, mahindi yangeozea nyumbani na chumvi isingefika kambini. Lakini biashara hufuata bei. Wakati wa mavuno kila mtu anauza, bei inaanguka. Sisi nasi tunauza yote juu ya deni, daftari za watoto na dawa. Miezi mitatu baadaye tunanunua unga kwa bei ya juu, na pengine ni mahindi yetu wenyewe! Faida imekwenda kwa nani? Kwa yule aliyeweza kungoja.

Mtasema, "Mwalimu, tukiweka, wadudu wanakula." Ni kweli. Kuna fukusi, na kuna dumuzi, aliyetoka Amerika ya Kati akaonekana Tabora, Tanzania, mwishoni mwa miaka ya 1970. Lakini dawa ya sumu siyo njia pekee. Kuna magunia ya PICS, yaliyoanza na utafiti wa kuhifadhi kunde huko Kameruni mwaka 1987. Ndani kuna mifuko miwili ya plastiki, nje gunia la kawaida. Ukifunga vizuri hewa haiingii, na wadudu wanakufa bila dawa yoyote.

Fanyeni hivi:

1. Kausheni kabisa, juu ya turubai, si juu ya udongo. Tieni mahindi kidogo na chumvi kavu katika chupa kavu, mtikise. Chumvi ikishika kwenye chupa, rudisheni juani. Mahindi mabichi huota kuvu yenye sumu. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 walikufa.

2. Jazeni, toeni hewa, fungeni kila mfuko peke yake kwa kamba.

3. Wekeni juu ya mbao, mbali na ukuta na panya. Mwezi wa kwanza msifungue.

Gunia hilo ni ghali kuliko la kawaida, lakini lisipotoboka linatumika zaidi ya msimu mmoja. Linatengenezwa na viwanda vya watu binafsi na kuuzwa katika maduka ya pembejeo. Mwenye duka hawezi kuleta kitu ambacho hakuna anayekiuliza. Kwa hiyo nyumba kumi ziungane, ziende kwake pamoja na kuagiza. Hapo ataleta, na bei mnaweza kuisemea.

Vilevile tujihadhari na kuuza mahindi yangali shambani. Anayetupa pesa leo ndiye anayepanga bei ya kesho. Ukilazimika kukopa, patana juu ya pesa ya kurudisha, si juu ya idadi ya magunia.

Kazi ya mwezi huu: baba, mama na watoto mkae pamoja mpige hesabu. Nyumba inayokula kilo 2 kwa siku inamaliza gunia la kilo 100 kwa siku 50. Ninyi mnahitaji mangapi hadi mavuno mengine? Hayo yawekwe kwanza, yanayobaki ndiyo yauzwe. Watoto wa darasa la tano hesabu hiyo wanaiweza, waachieni kalamu.

Tukutane mwezi ujao. Mbaki na amani.