Ulinzi tunaulipia mara tatu, bado tunaibiwa

Hivi, ndugu msomaji, umewahi kukaa chini ukapiga hesabu ni mara ngapi kwa mwezi unalipia ulinzi wa mtaa wako? Mimi nimepiga, na hesabu yenyewe haihitaji mtu aliyekwenda chuo kikuu.

Malipo ya kwanza ni kodi. Usidanganywe na anayesema kijana wa kijiweni halipi kodi. Kila anunuapo vocha na sabuni, kodi ya ongezeko la thamani imo humo humo. Na kuna kodi ya jengo, ambayo mwaka 2021 serikali ilikuja kuichomeka kwenye LUKU: shilingi 1,000 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 wakaipandisha ikawa 1,500. Nyumba ni ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Waheshimiwa walisema mpangaji akadaiane na mwenye nyumba wake. Ah! Wewe uliyepanga chumba kimoja Manzese au Mbagala, umwendee mwenye nyumba umdai 1,500 halafu mwezi ujao upate pa kulala?

Malipo ya pili ni ulinzi shirikishi. Hapa anakuja mjumbe au mgambo na daftari, nyumba kwa nyumba, elfu moja, elfu mbili, mahali pengine elfu tano, inategemea mtaa na jinsi mlango wako unavyoonekana. Stakabadhi? Ukibahatika. Ukiiulizia sana unaambiwa wewe ni mpinzani, kana kwamba mwizi akija usiku huuliza kadi ya chama kabla ya kubeba televisheni.

Malipo ya tatu ndiyo yasiyoandikwa popote. Umeibiwa, unakwenda kituoni, unaambiwa askari wapo ila gari halina mafuta. Malalamiko hayo ni ya miaka mingi, tangu baba zetu. Kituoni ukutani pamebandikwa tangazo kwamba dhamana ni bure na huduma zote ni bure, na wewe chini ya tangazo hilo hilo unatoa pesa ya petroli ili mwizi wako mwenyewe afuatwe. Ukizijumlisha hizo tatu ndipo utajua mlalahoi wa Tandale anagharimia usalama wake kwa njia nyingi zaidi ya tajiri wa Masaki mwenye kampuni ya ulinzi getini. Tajiri akilipa kampuni, kampuni ina mkataba naye, na isipomlinda anaifukuza. Sisi tumfukuze nani?

Watasema huu ni uchochezi. Basi tufungue Katiba yao wenyewe. Ibara ya 146, inayoeleza kazi za serikali za mitaa, inataja waziwazi utekelezaji wa sheria na ulinzi wa wananchi. Kwa hiyo ulinzi wa mtaa ni wajibu wa kikatiba wa chombo kinachokusanya ushuru wetu, na mtu asitufanyie kana kwamba tunapewa fadhila. Wajibu huo ukirudishwa kwa mwananchi kwa jina zuri la "ushirikishwaji," ana haki ya kuuliza: zile fedha mlizokwisha kuchukua kwa kazi hiyo ziko wapi?

Mambo haya hayakuanza jana. Sungusungu ilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Usukumani na Unyamwezini, pande za Kahama, baada ya Vita ya Kagera, wakati ujambazi na wizi wa ng'ombe ulipowafika wananchi shingoni. Watu walishika pinde na mishale kwa sababu ng'ombe walikuwa wao, na viongozi wa kundi waliwachagua wao. Serikali iliona, ikaduwaa, mwishowe ikakubali, na mwaka 1989 ikatungwa sheria ya kuwapa sungusungu mamlaka ya kukamata. Halafu mwaka 1990 amri ikaletwa mjini. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Augustino Lyatonga Mrema, mzee wa siku saba, na vijana wa Dar es Salaam wakajikuta wanapangiwa zamu za kukesha mitaani wapende wasipende. Kitu kilichokuwa mali ya wananchi kule vijijini, mjini kikawa amri ya wakubwa. Asiyetokea zamu alitafutwa kama mhalifu.

Najua humu ndani kuna watakaonuna nikimtaja Mrema, maana mwaka 1995 huyo huyo alikuwa mgombea urais wa NCCR-Mageuzi na vijana walilisukuma gari lake kwa mikono. Alikuwa mtu jasiri, Mungu amrehemu, alifariki Agosti 2022. Lakini jambo baya halibadiliki kuwa zuri kwa sababu aliyeliamuru alihamia upande wetu.

Mwaka 2006 akaja Inspekta Jenerali Said Mwema na Polisi Jamii, na ulinzi shirikishi ukavishwa nguo mpya. Mwaka 2022 akaja Camillus Wambura, wakapelekwa wakaguzi wa polisi kwenye kata. Sisemi yote ni bure. Mtaa wenye mkaguzi anayejulikana kwa jina na kwa simu ni afadhali kuliko mtaa ambao polisi huonekana tu siku ya maandamano. Na hapo penye maandamano niseme moja. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, na siku zilizofuata, Dar es Salaam iliwekwa chini ya amri ya kutotoka nje usiku. Kumbe magari yapo! Kumbe mafuta yapo! Walioishi mitaa ambayo kwa miaka wanapiga simu wakiambiwa hakuna usafiri walishangaa kuona dola inavyoweza kuwa nyepesi wa miguu inapotaka.

Sasa tuje kwa sisi vijana, maana hapa ndipo penye uchungu. Katika biashara hii ya ulinzi kijana ana kazi mbili. Usiku yeye ndiye mlinzi, na mchana yeye ndiye mtuhumiwa.

Tuanze na mtuhumiwa. Januari 2015 jiji zima lilikimbia kwa uvumi wa Panya Road. Maduka yalifungwa, watu walirukia daladala zinazoondoka, na baada ya hapo mamia ya vijana wakasombwa. Septemba 2022 Panya Road wakavuma tena, watu wakavamiwa majumbani kwa mapanga, na kweli damu ilimwagika. Polisi ikatangaza kuwaua kwa risasi watu iliosema ni wa kundi hilo. Mimi simtetei mtu anayemkata mama wa watu panga ili apate simu. Akamatwe, ashitakiwe, afungwe. Lakini maiti hajitetei, na mtu aliyeitwa Panya Road baada ya kufa hatutajua kamwe kama alikuwa yeye au alikuwa anatoka kuangalia mpira.

Na msako ukishaanza, nani huokotwa? Huokotwa aliyekaa kijiweni. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 176 na cha 177, ina maneno mapana ya wazururaji na watu wasio na kazi maalum, maneno ya kikoloni ambayo wakubwa wetu waliyarithi wakayapenda. Mwaka 1983 wakaongeza Nguvu Kazi, watu wakasombwa mjini kupelekwa mashambani. Kwa sheria hizo, kukosa ajira tu ni dalili ya uhalifu. Ajira yenyewe hawajaitoa. Machinga akiuza barabarani anafukuzwa, kama ilivyokuwa Oktoba 2021, tena ni mtu aliyekuwa ameuziwa kitambulisho cha shilingi 20,000 na serikali hiyo hiyo. Akikaa kijiweni kwa kukosa pa kuuzia, ni mzururaji.

Kijana mwenzangu, kata hapa uhifadhi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inasema aliyekamatwa bila hati, kwa kosa lisilo la adhabu ya kifo wala lisiloonekana zito, asipoweza kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 aachiwe kwa dhamana. Wengi wetu hatuijui, na wanaotukamata wanajua kwamba hatuijui.

Usiku ukiingia, kijana huyo huyo anapewa filimbi, tochi na rungu. Hana buti, hana koti la mvua, hana mkataba. Posho yake inatoka kwenye lile daftari nililolisema, na ikichelewa anaambiwa wananchi hawajachanga. Sasa akikatwa panga saa tisa usiku akikimbiza mwizi, nani anamlipia hospitali? Kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, lakini jina lake linajieleza: ni wa wafanyakazi. Mlinzi wa mtaa si mwajiriwa wa mtu. Atachukua PF3 kituoni kama majeruhi mwingine yeyote, na dawa atanunuliwa na mama yake.

Na kwa kuwa hakufundishwa, yeye naye anageuka hatari. Mitaa mingi inajua mlinzi shirikishi aliyempiga mlevi hadi kumvunja mkono, au anayesimamisha vijana usiku na kuwapekua mifuko ya pesa. Unampa mtu rungu, humpi mafunzo wala mshahara, unategemea nini?

Hapo ndipo ninapofika kwenye kiini. Wakubwa hupenda kusema serikali ina macho, kila senti inakaguliwa. Ni kweli kuna Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, na ripoti yake hufika kwa Rais kabla ya mwezi Machi kwisha, kisha Bungeni, na iko kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa. Ni kazi nzuri, na tuliona mwaka 2019 jinsi mkaguzi msema kweli anavyoweza kuondolewa kitini. Lakini ukaguzi huo unaangalia halmashauri, vitabu vikubwa. Kaunta buku la ulinzi la mtaa wako, lenye majina ya nyumba na alama za vema, nani amelikagua? Fedha ndogo ndogo za walalahoi ndizo zisizo na mkaguzi, kwa kuwa anayeibiwa hapo hana mtu Bungeni wa kumpigia kelele.

Na wakubwa wakigundua uozo, dawa yao huwa nini? Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa, ikawekwa Tume ya Jiji hadi mwaka 2000. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa tena na Ilala ikapandishwa kuwa jiji. Mwaka 2023 mikopo ya asilimia kumi ya wanawake, vijana na walemavu ilionekana ina wizi na vikundi hewa, basi ikasimamishwa kwa wote, ikaja kurudishwa mwaka uliofuata. Yaani mwizi anaiba mkopo, na anayenyimwa mkopo ni kijana ambaye hakuiba. Halafu mkuu wa wilaya anakuja mtaani na kamera, anamfokea mtendaji mbele ya watu, pengine anaamuru awekwe ndani kwa yale masaa 48 aliyopewa na sheria ya mwaka 1997, watu wanapiga makofi, magari yanaondoka. Ndugu zangu, hiyo ni sinema. Kesho yake daftari liko pale pale.

Jicho linalofaa ni la yule aliyechanga. Ila jicho hilo wamelitoboa kwenye sanduku la kura. Uchaguzi wa mitaa wa Novemba 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilisusia baada ya wagombea wao kukatwa kwa makundi. Ule wa Novemba 27, 2024, wagombea wakakatwa tena, na chama tawala kikatangaziwa zaidi ya asilimia 98 ya viti. Mwenyekiti aliyepita bila kupingwa atakuogopea nini? Hana mshahara, anaishi kwa posho na mihuri, na hana deni la kura kwako. Kumtaka mtu wa namna hiyo abandike ukutani mapato na matumizi ya ulinzi ni kumwonea, labda tumsukume.

Basi tumsukume. Hatuhitaji sheria mpya wala tume. Stakabadhi kwa kila shilingi, jumla ya mwezi ibandikwe mlangoni mwa ofisi, majina ya walinzi na posho zao yasomwe mkutanoni, na halmashauri ichangie nusu kutoka mapato yake yenyewe, pamoja na matibabu ya mlinzi anayeumia kazini. Kata yenye mkaguzi wa polisi, mkaguzi huyo ahudhurie mkutano na aseme ni kesi ngapi zilizofika kwake na ngapi zimefika mahakamani.

Mkutano wa mtaa ukiitishwa, mara nyingi viti hukaliwa na wazee na akina mama, sisi tuko nje tunabishana Simba na Yanga. Safari hii tuingie. Tuombe kitabu cha stakabadhi kiletwe mezani, na kama hakipo, iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba kiliombwa na hakikuletwa, kwa tarehe na kwa majina ya walioomba.