Mwalimu tarajali asiachwe peke yake mtandaoni

Kijana wa Mlimba, Mang'ula au Ifakara mjini, huku katika bonde la Kilombero, akichaguliwa kusomea ualimu katika vyuo vya serikali vya mkoa wa Morogoro, huenda akajikuta Kigurunyembe pale Morogoro mjini, au Ilonga huko Kilosa, au Mhonda kule Turiani. Atafika na godoro, ndoo, vyeti vyake na simu. Wiki haitaisha kabla hajaingizwa kwenye magrupu mawili matatu ya WhatsApp, na humo atapewa maktaba yake ya kwanza: lundo la PDF zisizo na jina la mwandishi wala mwaka, zilizopita mikono mingi kabla ya kumfikia. Darasani ataambiwa kwamba mengine atayapata mtandaoni. Kauli hiyo inasemwa kwa nia njema, lakini imebeba jambo zito. Wajibu wa kumpa mwalimu vitabu vyake umehamishwa kimyakimya kutoka kwa taasisi za umma, ukawekwa juu ya kijana wa miaka 19 na bando lake.

Vitu vyenyewe vipo, tena vizuri. Taasisi ya Elimu Tanzania, TET, iliyozaliwa 1975 kwa kazi ya kukuza mitaala, ina maktaba mtandao ambamo vitabu vya kiada vya shule husomwa bure. Baraza la Mitihani, NECTA, huweka kwenye tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, pamoja na picha za majibu yaliyoandikwa kwa mkono, yaliyo sahihi na yaliyokosewa. Kwa maoni yangu hakuna nyaraka ya bure nchini inayomfaa mwalimu anayeanza kuliko hizo, na huwa nasikitika kuona wanachuo wakizitazama kama habari za matokeo tu. Anayejiandaa kufundisha sehemu darasa la tano ataona kwa macho yake namna watoto halisi wa Tanzania walivyokosea sehemu: nani alijumlisha asili na asili, nani alisahau kutafuta asili ya pamoja. Ukimwekea mwalimu kosa la mtoto mezani, umempa nusu ya andalio la somo.

Kuna TESSA, mradi ulioanzishwa 2005 chini ya Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kwa kushirikiana na vyuo vya Afrika, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kikiwamo. Moduli zake za kusoma, hisabati, sayansi, maarifa ya jamii na stadi za maisha zipo pia kwa Kiswahili, na leseni yake inamruhusu yeyote kuzibadili zifae mahali alipo. Kuna African Storybook ya kutoka Afrika Kusini, hadithi fupi zenye picha ambazo mwalimu wa darasa la kwanza anaweza kuziprinti steshenari na kuzishona kuwa vitabu. Kuna Shule Direct, na kuna vipindi vya Ubongo, vyote vya hapa nyumbani. Kwa hiyo anayedai kwamba mtandao hauna kitu kwa mwalimu wa Kiswahili hajautafuta.

Tatizo lipo kwenye kuchagua, na limekua kubwa tangu Januari 2024. Mwezi huo mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika kwa awali, darasa la kwanza na la tatu, madarasa mengine ya msingi yakisubiri zamu yao. Masomo yalibadilika hata majina. Uraia na Maadili pamoja na Maarifa ya Jamii vilipisha Historia ya Tanzania na Maadili na Jiografia na Mazingira. Sayansi na Teknolojia ikawa Sayansi. Lakini faili za mtaala wa zamani hazikuondoka mtandaoni siku mtaala ulipobadilika. Bado zinazunguka, zinauzwa, zinatumwa upya kila muhula kana kwamba zimeandikwa jana. Mwanachuo mgeni anayetafuta azimio la kazi la darasa la tatu anaweza kunakili lililokufa, akaliwasilisha kwa mwandiko mzuri, na asijue kilichomponza hadi siku ya ukaguzi. Wakati huohuo hawezi kuyatupa ya zamani yote, maana katika kipindi cha mpito shule moja hufundisha mitaala miwili kwa pamoja, na atakapopelekwa BTP, kama wenyewe wanavyoita mazoezi ya kufundisha, hayo ya zamani ndiyo atakayoyakuta madarasa ya juu.

Mtego mwingine ni wa jirani. Andika "maazimio ya kazi Kiswahili" kwenye simu, na utakayoyapata kwanza huenda yakawa ya Kenya, yaliyopangwa kwa gredi na kwa mtaala wa huko. Ni kazi nzuri, na mwalimu aliyekomaa atachota mengi humo. Mgeni hana kipimo cha kujua kipi achukue na kipi aache. Vilevile programu za akili mnemba, ambazo tangu ChatGPT ilipotoka mwishoni mwa 2022 zimekuwa kimbilio la wengi: zitamwandikia andalio la somo kwa dakika moja, lenye vichwa vya habari vinavyopendeza, bila kumwambia kama umahiri uliotajwa humo upo katika muhtasari wa Tanzania au umetungwa.

Wapo watakaosema, na nawaheshimu, kwamba mwanachuo ni mtu mzima. Mwalimu ambaye hawezi kujitafutia maarifa atawafundishaje watoto kujitafutia? Mtaala wenyewe unasisitiza umahiri, na kutafuta ni umahiri. Hoja hii ina ukweli mmoja: chuo kikimlisha mwanachuo kila kitu, kitamtoa akiwa tegemezi. Lakini kutafuta ni kazi inayofundishwa. Mtu hujifunza kupima chanzo kwa kuoneshwa vyanzo vilivyopimwa, akavilinganisha na vibovu, akasahihishwa. Kumwambia tu aende mtandaoni hakumfundishi kupima chochote, na anayeumia zaidi ni yule aliyetoka mbali na mtandao. Mtoto wa mjini aliyekulia kwenye kompyuta atajinasua. Yule wa kijiji cha bondeni, ambaye simu yake ya kwanza ya kugusa aliipata baada ya kidato cha nne, atabaki na kile grupu lilichomtumia.

Nchi hii iliwahi kulifikiria jambo hili vizuri zaidi, tena ikiwa na fedha kidogo kuliko leo. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 kuamua kwamba kila mtoto aende shule, walimu hawakutosha, na vyuo visingeweza kuwatoa kwa wakati. Kuanzia 1976 makumi ya maelfu ya vijana waliandaliwa kuwa walimu wakiwa vijijini mwao: nusu ya siku wakifundisha, nusu wakisoma, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na wakufunzi waliowazungukia kuwaona na kuwasahihisha. Ubora wa mpango ule unabishaniwa mpaka leo, na nakubali kwamba wengi waliingia darasani wakiwa hawajaiva. Ila katika jambo moja ulikuwa na adabu ambayo sasa tumeipoteza. Somo lililomfikia mwanafunzi lilikuwa limechaguliwa, limechapwa, lina namba yake katika mfululizo, na kulikuwa na mtu mwenye jina na cheo aliyewajibika kulieleza. Hakuna aliyeambiwa afungue redio atafute mawimbi mwenyewe.

Leo vyuo vya ualimu vya serikali 35 vimepata kompyuta kwa msaada wa Canada, na walimu walioko kazini wana MEWAKA, mafunzo endelevu yenye moduli zake kwenye mfumo wa TET. Kwa hiyo msingi upo. Kinachokosekana ni mkono wa kumpokea mgeni. Ningependa wiki ya kwanza chuoni, kabla ya ratiba kuanza kukaza, kila mwanachuo apewe mkusanyo mmoja uliochaguliwa na wakufunzi, uliowekwa kwenye memori kadi au kompyuta ya maktaba: mihtasari inayotumika sasa, taarifa za NECTA za masomo yake, moduli za TESSA, hadithi za kusomea, na juu ya kila faili mwaka, mtaala inaouhusu na jina la mkufunzi aliyeipitisha. Jina hilo ndilo muhimu kuliko yote, kwa sababu faili yenye mtu wa kuulizwa haibaki kuzunguka miaka baada ya muda wake kwisha.

Na uwe mkusanyo usiohitaji mtandao. Masika ya 2024 mafuriko yaliikumba Ifakara na maeneo ya Mlimba na Malinyi. Mahali ambapo barabara yenyewe hupotea chini ya maji, maktaba inayotegemea mnara wa simu si ya kutegemewa. Teknolojia ya kufanya hivyo si ngeni. Kiwix humwezesha mtu kubeba Wikipedia ya Kiswahili yote ndani ya simu bila bando. Kolibri huwekwa kwenye kompyuta moja, darasa zima likasoma kupitia hiyo bila kuingia intaneti. Mwalimu tarajali anayepangiwa BTP katika shule ya pembezoni angeondoka chuoni akiwa na vitabu vyake mfukoni, kama daktari anayeondoka na kifaa chake cha kupimia mapigo.

Kilombero kuna sababu ya ziada ya kulidai jambo hili, na ndiyo inayonigusa kuliko zote. Bonde hili ni miongoni mwa sehemu za Afrika Mashariki zilizochunguzwa sana na wanasayansi. Utafiti ulianza Ifakara 1949, alipofika Rudolf Geigy kutoka Uswisi, na Taasisi ya Afya Ifakara ya leo imetokana na mbegu hiyo. Katika kijiji cha Idete ilijaribiwa chanjo ya malaria ya SPf66, na matokeo yaliyochapishwa 1994 katika jarida la Lancet yalionesha kinga ya asilimia 31 kwa watoto, kabla majaribio ya nchi nyingine hayajaonesha kwamba haifai. Miaka michache baadaye, Kilombero na Ulanga, vyandarua vyenye dawa vilivyouzwa kwa jina la Zuia Mbu vilionekana kuongeza kunusurika kwa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne kwa asilimia 27. Ardhioevu ya bonde iliingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2002, na humo anaishi sheshe, swala ambaye watoto wengi wa Tanzania hawajawahi kumwona hata kitabuni.

Fikiria masomo yanayolala humo. Asilimia zimo, na zina maana kwa mtoto ambaye nyanya yake alinunua Zuia Mbu. Mbinu ya sayansi imo, pamoja na ukweli kwamba jaribio linaloleta matumaini hurudiwa mahali pengine kabla ya kuaminiwa. Mazingira yamo. Sehemu kubwa ya maarifa hayo ipo mtandaoni, mengine bure kabisa, lakini yameandikwa kwa Kiingereza cha majarida, na mwanachuo aliyezaliwa Idete anaweza kumaliza ualimu wake bila kujua kwamba kijiji chake kimo katika historia ya tiba duniani. Atafundisha malaria kwa mchoro wa mbu alioukuta kwenye PDF isiyo na mwandishi.

Kazi ya kuyageuza maarifa hayo kuwa kurasa kumi ishirini za Kiswahili rahisi kwa walimu haihitaji mradi mkubwa. Watafiti wako Ifakara, wengi wao Watanzania. Halmashauri ya Mji wa Ifakara, ya Mlimba, na zile za ng'ambo ya Mto Kilombero, Ulanga na Malinyi, zina maofisa elimu na walimu wazoefu wa sayansi. African Storybook iko wazi kwa yeyote mwenye hadithi ya kuandika, na mwanachuo wa Kilombero anaweza kuipelekea hadithi ya sheshe au ya mvuvi wa mto kama kazi ya muhula, ikapata alama na ikabaki kusomwa na watoto. TET ikikubali kuzipitia kurasa hizo na kuziweka katika maktaba yake karibu na vitabu vya kiada, mwanachuo anayefika Ilonga mwaka ujao na godoro lake atazikuta hapo, zikiwa na tarehe na jina la aliyeziandika.