Wajenzi, Pimeni Mti Kabla ya Kuchora Ramani

Ndugu zangu mnaojenga, nanyi mnaotoa vibali vya kujenga, nina neno nanyi juu ya miti. Ile ya msituni ina wasemaji wake. Mimi nausemea mwembe, mkungu na mwarobaini ulio ndani ya kiwanja, ambao habari zake huulizwa siku kijiko kimeshafika getini.

Novemba 2020, barabara ya juu ya Nairobi, ile ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliukuta mugumo mkubwa kando ya Waiyaki Way, mti ambao Wakikuyu huuheshimu tangu zamani. Wananchi wakapaza sauti, ikatoka amri ya Rais kwamba usiguswe. Barabara ilijengwa na mugumo ukabaki. Nilifurahi kama wengine. Lakini tusidanganyane: mingine ya njia ileile ilikatwa, maana haikuwa na ukubwa wala heshima ya kuitetea. Mti ukihitaji Rais ili upone, basi mchora ramani na mkaguzi wake hawakuutazama mapema.

Wapo pia wanaosema, "Huu tutauacha." Wanauacha, kisha wanauua polepole. Wengi hudhani mizizi imezama chini moja kwa moja, kumbe sehemu yake kubwa imo katika sentimita 60 za juu, tena imeenea kupita kivuli cha matawi. Na kivulini humo ndimo lori la kokoto linamoegeshwa, zege linamochanganywa, kifusi cha msingi kinamomwagwa na mtaro wa bomba unamochimbwa. Udongo hushindiliwa, hewa na maji havipenyi. Mti hauanguki siku hiyo. Huanza kukauka kileleni miaka miwili mitatu baadaye, fundi kishalipwa kahama, na mwenye nyumba husingizia mchwa.

Dawa yake ni kamba. Waingereza, katika kanuni yao ya mwaka 2012, hulikinga eneo linalokwenda kutoka shinani mara 12 ya kipenyo cha shina, kipenyo hicho kikipimwa mita moja na nusu juu ya ardhi. Kwetu si sheria, lakini yafaa kuigwa. Zungusha kamba kwenye shina kwa kimo hicho, kisha nyoosha urefu ulioupata mara nne, ambao ni karibu sawa na kipenyo mara 12, kila upande. Shina lenye mzunguko wa mita moja na nusu linataka mita sita. Hapo simamisha uzio wa mabati kabla tofali la kwanza halijashushwa, na mtu asiuhamishe eti kwa siku moja tu.

Je, kila mti ubaki? La, na wapenda miti wenzangu watanilaumu. Uyoga ukiota kwenye kitako cha shina, au ardhi ikipasuka nyuma ya mti ulioinama, mwite bwana misitu, na akisema ukatwe, ukate kabla haujawaangukia watoto. (Mbuyu usiuhukumu kwa pango lake; mingi ina mapango na inaishi miaka mingi.)

Halmashauri nazo ziache kupokea ramani isiyoonyesha miti iliyopo na eneo la mizizi yake. Nawe mwenye nyumba, andika kwenye mkataba wa fundi kwamba malipo ya kwanza hayatoki mpaka uzio usimame.