Binti wa Usambara na Shamba la Ukoo

Tangu Machi 19, 2021 Tanzania inaongozwa na mwanamke, na katika milima ya Usambara ni nadra siku hizi kumsikia mzee akisema hadharani kwamba mtoto wa kike asisome. Upinzani haujafa, umehamia shambani. Kabichi, karoti na viazi vinavyoteremshwa kutoka Lukozi na Mlalo, huko Lushoto, kwenda Kariakoo vimepita mikononi mwa wanawake tangu kupandwa, kupaliliwa hadi kuvunwa. Lakini ukoo unapoketi kugawa mirathi, mjane na mabinti mara nyingi huhesabiwa kuwa wapita njia: huyu alikuja kuolewa, hawa wataolewa kwingine. Kwa maoni yangu, kipimo cha heshima tunayompa mwanamke kiko hapo, kwenye mpaka wa shamba, kuliko kwenye makofi ya mkutanoni.

Watetezi wa hali hii husema ni mila. Mila ipi? Kwa Wasambaa wa zamani mke alikabidhiwa mashamba ya nyumba yake, yakarithiwa na wanawe. Kanuni kwamba mjane hana fungu iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake iliandikwa na serikali mwaka 1963, kwa ajili ya makabila yanayofuata ukoo wa baba. Wengine hukimbilia dini, na Wasambaa wengi ni Waislamu. Lakini Kurani imemwekea mjane mwenye watoto thumni, na binti nusu ya fungu la kaka yake. Anayewanyima kabisa hana aya ya kusimamia. Na wanaobeza haki sawa kuwa ni mambo ya Beijing wakumbuke kuwa katibu mkuu wa mkutano ule wa wanawake wa 1995 alikuwa Gertrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe.

Hoja nzito ni moja: ardhi haitoshi. Hofu hiyo ni ya kweli, miteremko imejaa. Hata hivyo, baba mwenye wana saba hugawa vipande saba bila mtu kulalamika; kilio huanza akitajwa dada. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20, imekwisha kubatilisha mila inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi, na baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, watatu wakiwa wanawake. Nawaomba wajumbe hao wa Lushoto wakisome kifungu hicho siku ya arobaini, mbele ya mashemeji, kabla kamba ya kupimia haijafunguliwa.