Uwanja wa Shule Si Mali ya Wenye Vipaji Peke Yao

Ipo kasumba iliyojikita katika shule nyingi za sekondari nchini, nayo ni ile isemayo kwamba michezo ni ya wenye vipaji na kazi ya waliobaki ni kupiga makofi. Kwa kasumba hiyo, mwanafunzi mwenye ulemavu wa akili huhesabiwa kuwa mtazamaji tangu siku anapovuka lango la shule. Wenzake wanapovaa jezi, yeye huachiwa viatu vyao avilinde. Wanapopanda basi kwenda mashindano ya wilaya, yeye hubaki. Linalosikitisha zaidi ni kwamba wanaomtendea hivyo hudai kuwa wanamhurumia.

Huruma ya namna hiyo ni dharau iliyovikwa kanzu safi. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Ibara ya 30 ya Mkataba huo inataka watoto wenye ulemavu washiriki katika michezo sawa na watoto wengine, ikiwamo michezo ya shuleni. Mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Kwa hiyo mwalimu anayempanga mwanafunzi huyo katika timu hamfanyii hisani, na yule anayemfukuza uwanjani anakwenda kinyume na ahadi ambayo Taifa limeiweka mbele ya dunia nzima.

Wapo wasemao kwamba vijana hao hawawezi. Hoja hiyo ilikwisha kujibiwa zamani. Tarehe 20 Julai 1968, mjini Chicago, Bibi Eunice Kennedy Shriver alifungua michezo ya kwanza ya Olimpiki Maalumu ikiwa na wanamichezo wapatao 1,000 kutoka Marekani na Kanada. Zama hizo watu wengi wa aina yao walikuwa wakifungiwa katika majumba ya mbali, wasionekane. Michezo hiyo ilipofanyika Abu Dhabi mwezi Machi 2019, wanamichezo walikuwa wapatao 7,000 kutoka kila bara. Anayesema leo kwamba hawawezi hana budi kueleza hao 7,000 walikwenda kufanya nini.

Wengine husema kwamba kuwachanganya na wenzao kutashusha kiwango na kuharibu mchezo. Hawa hawajazisoma kanuni. Katika michezo ya pamoja, ambayo Olimpiki Maalumu imeieneza tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, timu ya mpira wa kikapu huwa na wachezaji watatu wenye ulemavu wa akili na wenza wawili wasio nao. Katika soka ya wachezaji saba, wanne ni wenye ulemavu na watatu ni wenza. Wachezaji hupangwa kwa kuangalia umri na uwezo usiopishana mno, na mwenza haruhusiwi kuuteka mpira akacheza peke yake huku wengine wakimtazama. Mabao huhesabiwa, filimbi hupigwa, na aliyeshindwa hurudi nyumbani ameshindwa. Huo ni mchezo kamili.

Huko Marekani shule nyingi za sekondari zina timu za namna hiyo, na majimbo kadhaa huzishindanisha kwa ubingwa wa jimbo. Hata hivyo, mwezi Machi 2019 Wizara ya Elimu ya nchi hiyo tajiri ilipendekeza kufuta fedha za Serikali zipatazo dola milioni 18 zilizokuwa zikiisaidia Olimpiki Maalumu. Wananchi walipiga kelele na Rais akalibatilisha pendekezo hilo mwezi huo huo. Funzo lake ni wazi: jambo linalotegemea fadhila za wakubwa laweza kufutwa kwa kalamu asubuhi moja, na haki isiyolindwa huliwa.

Kuna pia wanaoogopa udanganyifu. Ni kweli kwamba katika michezo ya walemavu ya Sydney mwaka 2000, timu ya kikapu ya Hispania ilitwaa dhahabu, kisha ikabainika kwamba wachezaji 10 kati ya 12 hawakuwa na ulemavu wa akili hata kidogo. Lakini ni nani aliyebeba adhabu? Wanamichezo wenye ulemavu wa akili duniani kote walifungiwa nje ya michezo hiyo mpaka London mwaka 2012. Walioiba ni wazima, waliofungwa ni walemavu. Dawa ya mwizi ni ukaguzi. Kumfungia nje mwenye mali si dawa.

Nayo ile desturi ya kuwatengea siku moja kwa mwaka, wakapewa fulana na soda, wakapigwa picha na mgeni rasmi, haitoshi. Siku 364 zinazobaki ndizo zinazomfundisha kijana mahali pake katika jamii. Akizoea kukaa pembeni mwa uwanja, atakaa pembeni mwa kijiji pia, na wenzake watakuwa wamejifunza kumwona pembeni hapo na kutoshtuka.

Wakati umefika wa kutenda. Wengi wa vijana hao hawafiki sekondari kabisa. Hubaki katika vitengo vya shule za msingi hata wakawa na umri wa wanafunzi wa kidato cha pili au cha tatu. Kila shule ya sekondari iliyo jirani na kitengo cha namna hiyo ifungue uwanja wake, iunde nao timu moja. Chuo cha Patandi kinachoandaa walimu wa elimu maalumu kitilie mkazo michezo, na Chuo cha Michezo cha Malya kitilie mkazo kanuni hizi za pamoja. UMISSETA nayo iwe na mashindano ya timu za pamoja kuanzia ngazi ya wilaya, na pointi zake ziingizwe katika jumla ya mkoa kama pointi za netiboli na riadha. Pointi zikihesabiwa, hakuna mwalimu wa michezo atakayewasahau wachezaji hao.

Gharama yake si kisingizio. Mpira ni ule ule, uwanja ni ule ule na filimbi ni ile ile. Wahenga walisema hujafa hujaumbika, na anayefunga lango la uwanja leo hajui ni mjukuu wa nani atakayelikuta limefungwa kesho. Walimu wakuu wanao ufunguo mikononi mwao. Walifungue.