Sigara zimepungua, vitambi vimeongezeka: Moyo wa Mkorea uko salama?

Ukitazama tamthilia za Kikorea, ni rahisi kuamini kwamba Korea Kusini ni nchi ya watu wembamba wasiojua kitambi ni nini. Takwimu zao wenyewe zinasema vingine.

Mwaka 2020, asilimia 48 ya wanaume watu wazima nchini humo walikuwa na unene uliopitiliza. Mwaka 1998 walikuwa robo tu.

Wanawake je? Wao wamebaki karibu palepale: takriban asilimia 26 mwaka 1998, na asilimia 28 mwaka 2020.

Tuwekane sawa hapa. Korea huanza kuhesabu unene kwenye BMI ya 25, wakati Shirika la Afya Duniani (WHO) huanzia 30. Sababu ni kwamba kwa watu wa Asia, kisukari na presha huanza kubisha hodi hata uzito ukiwa mdogo.

Takwimu hizi zinatokana na utafiti wa kitaifa wa afya na lishe ulioanza 1998. Siku hizi, takriban watu 10,000 hupimwa kila mwaka: uzito, presha, sukari na mafuta kwenye damu.

Vifo vichache, lakini...

Korea Kusini ni miongoni mwa nchi tajiri zenye vifo vichache zaidi vya ugonjwa wa mishipa ya moyo. Hata hivyo, magonjwa ya moyo ni ya pili kwa kuua nchini humo, baada ya saratani.

Tatizo ni kwamba moyo hauharibiki kwa siku moja. Mishipa huziba polepole kwa miaka mingi, kwa hiyo vifo vya leo vinasimulia maisha ya miongo iliyopita. Ukitaka kujua kesho itakuwaje, waangalie walio na miaka 30 sasa hivi.

Wanaume: wametoka huku, wameingia kule

Wanaume wa Korea wana ushindi mmoja mkubwa. Mwaka 1998, wawili kati ya watatu walikuwa wavutaji. Sasa ni karibu watatu kati ya 10. Serikali nayo iliwabana mfukoni: Januari 2015, pakiti ya sigara ilipanda kutoka won 2,500 hadi 4,500.

Lakini uzito umeanza kula faida hiyo. Kazi ni za kukaa kutwa nzima, jioni kuna mlo na wenzako wa ofisini, nyama na pombe ya soju mezani, na usiku chakula kinaagizwa kwa simu. Ilipokuja Uviko-19, mambo yakaharibika zaidi: unene kwa wanaume ulipanda kutoka karibu asilimia 42 mwaka 2019 hadi 48 mwaka uliofuata. Kwa wenye miaka ya 30, ilikuwa zaidi ya nusu.

Wanawake: kinga yenye tarehe ya mwisho

Kwa wanawake hadithi ni nyingine. Ujanani wanawaacha wanaume mbali: presha nzuri, uzito mdogo, wavutaji wachache. Kinachowasaidia kwa sehemu ni homoni ya estrojeni.

Hedhi ikikoma, kinga hiyo inapungua. Kuanzia miaka ya 50, wanawake wenye kolesteroli ya juu wanakuwa wengi kuliko wanaume. Wakifika 70, hata kwenye presha wanawapita.

Kwa hiyo, ukisema tu "wanawake wana moyo wenye afya zaidi", umesema nusu ya ukweli. Inategemea unamzungumzia binti au bibi yake.

Nani anajijua?

Korea ina mfumo ambao nchi nyingi zingeutamani: bima ya taifa humlipia mtu mzima vipimo vya afya, kwa kawaida kila baada ya miaka miwili. Tangu 2019, vijana wa miaka 20 na 30 ambao awali waliachwa nje wameingizwa. Kipimo cha kolesteroli hufanyika kila baada ya miaka minne, kuanzia miaka 24 kwa wanaume na 40 kwa wanawake.

Hata hivyo, wasiojua kuwa wana presha ni wengi zaidi kwa vijana kuliko wazee. Mzee akiambiwa presha iko juu, anameza dawa. Kijana anajiona mzima, hasikii maumivu popote, anarudi kazini.

Hapo ndipo penye hatari. Wazee wa Korea wanalindwa na dawa na hospitali nzuri, lakini dawa haiwezi kumsaidia mtu asiyejua kuwa anaumwa. Korea ikisubiri idadi ya vifo ipande ndipo ishtuke, itakuwa imechelewa kwa miaka 20. Dalili za mapema zipo tayari: mkanda wa suruali wa kijana wa miaka 35, na kolesteroli ya mama wa miaka 55.