MHUDUMU NAYE NI MTU



Mwaka 1999 Serikali ilitangaza Ukimwi kuwa janga la taifa. Hapa Ahero, sisi wa kujitolea tumewaosha na kuwalisha wagonjwa mahututi majumbani mwao. Mwaka 2023 tukapewa jina jipya, Wahamasishaji wa Afya ya Jamii, na mikoba yenye vipimo vya presha, sukari na joto. Je, kipimo cha huzuni ki wapi? Tuwazikapo wagonjwa wetu, nani hutupa pole?

Wengine husema, "Huo ni wito." Wito hauchoki? Posho twaidai, lakini posho haitui mzigo wa moyo. Twataka kikao kila mwezi, mshauri aliyefundishwa, na mapumziko baada ya msiba. Hata jembe la mpunga hunolewa. Umoja ni nguvu!